Nani Avae Sare Mantapala?

Hoja iliyo mezani ni hii: muuguzi mkimbizi aliyepata leseni ya Zambia aajiriwe na serikali katika zahanati na hospitali za wilaya ya Nchelenge, kwa cheo kilekile na mshahara uleule wa Mzambia.

Nimeziita sauti nne. Sizitaji kwa majina kwa sababu si watu wanne niliowahoji. Ni misimamo minne inayogongana kila hoja hii inapotajwa, nami nimeupa kila mmoja mdomo wa kuusemea. Yupo Muuguzi Mkimbizi, binti aliyevuka na wazazi wake kutoka upande wa Pweto, Kongo, akasomea uuguzi Zambia kwa ufadhili. Yupo Muuguzi Mwenyeji, binti wa Kashikishi, humohumo wilayani, rika lake, mwenye leseni kama yake, naye yuko nyumbani hana kazi. Yupo Papa, muuguzi wa kiwango cha A1 aliyesomea Kongo, ambaye siku hizi kazi yake ni kutafsiri. Na yupo Mama, ambaye hana cheti cha mtu yeyote, ila ndiye anayelala kitandani.

Msomaji aliye mbali na Ziwa Mweru ajue machache kwanza. Mpaka wa Zambia na Kongo unapita katikati ya maji yale. Kuanzia Agosti 2017 maelfu ya watu wa Haut-Katanga na Tanganyika walivuka wakikimbia mapigano. Wakapokewa Kenani, kisha kuanzia Januari 2018 wakahamishiwa Mantapala, msituni, ndani ya wilaya hiyohiyo ya Nchelenge. Zambia ilitamka tangu siku za mwanzo kwamba shule na huduma za afya za pale zitatumiwa na wakimbizi na wenyeji kwa pamoja. Kwa wakimbizi wengi lugha ni Kiswahili. Kwa wenyeji ni Kibemba. Faili la mgonjwa huandikwa kwa Kiingereza.

MUUGUZI MKIMBIZI: Nilisoma diploma miaka mitatu, humuhumu Zambia. Nimekesha wodini na wenzangu Wazambia, nimesafisha vidonda pamoja nao, tukakaa mtihani mmoja wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, tukaingizwa katika daftari moja. Tangazo la ajira lilipotoka, wenzangu walikimbilia kunakili vitambulisho vyao vya kijani vya taifa. Mimi karatasi yangu ni ya ukimbizi. Hakuna aliyeniuliza kama najua kumtundikia damu mtoto aliyeishiwa kwa malaria. Niliulizwa rangi ya kitambulisho.

MUUGUZI MWENYEJI: Dada, pole. Lakini mimi hicho cha kijani ninacho, na asubuhi naamka kumsaidia mama yangu kuanika chisense, samaki wadogo wa ziwa. Mwaka 2022 serikali iliajiri wahudumu wa afya 11,276 kwa mpigo mmoja. Tulishangilia, kisha tukahesabu waliobaki. Waliohitimu mbele yetu bado wapo majumbani, sisi tukaongezeka juu yao, na wadogo zetu wako chuoni wanakuja. Sasa unaniambia foleni ipanuliwe. Wazazi wangu waliuza ng'ombe na nyavu ili nisome. Kama nchi haiwezi kuniajiri mimi, itamwajirije mgeni?

Swali lake ni la haki na sitalipita haraka. Wanaotetea wakimbizi wamezoea kulijibu kwa neno huruma, na binti aliyekaa nyumbani na leseni hashibi huruma. Ajibiwe kwa hesabu.

Ni kweli kwamba Zambia ina wauguzi wasio na kazi. Ni kweli pia kwamba ina vituo visivyo na wauguzi wa kutosha. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza Zambia katika orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, ambazo mataifa tajiri yanaaswa yasizipokonye wataalamu. Mambo haya mawili yanakaa pamoja kwa sababu nafasi za kazi hufunguliwa na hazina, hazifunguliwi na wagonjwa. Zambia ilishindwa kulipa deni lake la nje Novemba 2020, na Agosti 2022 ikaingia katika mpango wa dola bilioni 1.3 na Shirika la Fedha la Kimataifa, mpango wenye macho makali juu ya matumizi ya serikali. Hali hii si ya Zambia peke yake: Kenya nayo ilitia saini mkataba na Uingereza mwaka 2021 wa kuwapeleka huko wauguzi wasio na ajira, huku hospitali zake za kaunti zikilalamika kwamba hazina watu. Kwa hiyo aliyemzibia njia binti wa Kashikishi si binti wa Pweto. Hata Mantapala ikihamishwa yote kesho, kibali cha hazina hakitaongezeka hata nafasi moja.

MUUGUZI MWENYEJI: Nakubali hazina ndiyo iliyobana. Lakini kilichobanwa hugawanywa kwa wenye nyumba kwanza. Na sheria inasema hivyo.

MUUGUZI MKIMBIZI: Sheria inasema nini hasa, dada? Sheria ya Wakimbizi namba 1 ya mwaka 2017 hainikatazi kufanya kazi. Inaniambia nifuate sheria za nchi, na sheria za nchi zinanipeleka Idara ya Uhamiaji nikaombe kibali cha kazi, sawa na mtaalamu aliyeletwa na kampuni ya mgodi. Yeye nyuma yake ana mwajiri na mwanasheria. Mimi kutoka makazini mpaka mjini nahitaji ruhusa ya kutoka.

Hapa pana jambo la zamani ambalo wengi hawalijui. Zambia ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo Septemba 1969, lakini ikaweka masharti yake. Mkataba unasema mkimbizi aliyekaa nchini miaka mitatu, au aliyeoa au kuolewa na raia, au mwenye mtoto raia, aondolewe vizuizi vya kazi vinavyowekwa kulinda ajira za wenyeji. Zambia ilisema wazi kwamba haitajifunga kumsamehe mtu wa namna hiyo kibali cha kazi. Ikaweka sharti pia juu ya uhuru wa mkimbizi kwenda anakotaka. Nchi ilikuwa na miaka mitano tu ya uhuru, imezungukwa na vita vya ukombozi Angola, Msumbiji na Rhodesia, na makazi ya wakimbizi ya Mayukwayukwa tayari yalikuwa yamejaa Waangola tangu 1966. Naielewa hofu ya wakati ule. Nisichokielewa ni kwa nini hofu ya 1969 iendelee kumhukumu mtu ambaye nchi yenyewe imemfundisha, ikamtahini na kumpa leseni. Mwaka 2024 Zambia ilizindua sera yake ya kwanza ya taifa kuhusu wakimbizi, inayotaka wajitegemee. Sera hiyo ikikutana na tangazo la ajira la wizara, tangazo ndilo linaloshinda.

PAPA: Mwanangu, na wewe binti wa Kashikishi, niruhusuni mimi mzee. Mnabishana kama kwamba kazi yenyewe bado haijaanza kufanywa. Inafanywa. Mimi nilisoma A1, miaka mitatu baada ya sekondari, katika chuo cha juu cha tiba cha Lubumbashi. Vita vya Pweto vya Desemba 2000 vilituleta huku mara ya kwanza, tukakaa Kala, Kawambwa, mpaka kambi ilipofungwa 2010. Tukarudi, nikavaa koti jeupe tena. Mnajua uuguzi wa kwetu: wengi serikali haiwalipi mshahara, labda marupurupu kidogo, wanaishi kwa ada za wagonjwa. Hata hivyo nilikuwa muuguzi. Mwaka 2017 tukavuka tena. Leo hapa napewa posho ya mwezi niwe mkalimani.

Sasa sikilizeni kazi ya mkalimani. Anaingia mjamzito, anasema kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu. Maneno hayo nikiyageuza tu na kunyamaza, yanaweza kuandikwa maumivu ya kichwa, akapewa vidonge akarudi nyumbani. Mimi siwezi kunyamaza. Namwuliza kama miguu imevimba, kama anaumwa hapa juu ya tumbo, tangu lini. Namwambia muuguzi wa zamu, sista, tafadhali pima presha kwanza. Kwa sababu najua hicho kinaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba, na gari la kumpeleka hospitali ya St Paul's, Kashikishi, linapaswa kuitwa sasa, si kesho. Kwa karatasi, mimi nimetafsiri. Kwa kweli nimechukua historia ya mgonjwa, nimepanga nani aanze kuonwa. Nimefanya uuguzi kwa malipo ya kutafsiri, na siku nikikosea hakuna atakayejua ni nani aliyekosea, maana mimi sipo katika daftari lolote.

MUUGUZI MWENYEJI: Batata, hilo sikulijua hivyo. Lakini angalia, wewe mwenyewe umejitia hatarini. Kama huna leseni ya hapa, kwa nini uulize maswali ya muuguzi?

PAPA: Ungeweza wewe kunyamaza?

(Hakujibu, na sidhani kama muuguzi yeyote mwenye moyo angejibu kwamba angeweza.)

MAMA: Nyinyi nyote mmesema, mimi ndiye mgonjwa. Nitasema ambalo hamtalipenda. Mimi sitaki muuguzi wa kwetu.

Msishangae. Binti huyu anakaa mtaa wa nne kutoka kwangu. Tunachota maji kisima kimoja. Mimi nikienda kuchukua dawa zangu za kila mwezi, dawa ambazo mume wangu anazijua na dada yake hazijui, nataka nimkute mtu anayetoka Mansa, mji wa mkoa, anayelala mjini, asiyewajua wakwe zangu. Na kuna jingine. Kule Tanganyika tulikokimbia, Waluba na Watwa walichomeana vijiji. Tuko hapa makabila yote. Mwingine akimwona muuguzi wa upande ule anaogopa sindano yake. Mzambia hana upande katika ugomvi wetu.

Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizoletwa, na ni aibu kwamba katika mijadala ya ajira mgonjwa huulizwa mwisho. Wataalamu wanapenda kusema kwamba wakimbizi watahudumiwa vizuri zaidi na watu wao. Mama anatukumbusha kwamba mtu wako ndiye pia anayekujua, na mwenye shida ya kufichwa hamtafuti jirani.

MUUGUZI MKIMBIZI: Mama, shikamoo, na nakuheshimu kwa kusema mbele yangu. Niulize jambo moja. Siku hizi ukienda kwa huyo sista wa Mansa, unamwelezaje?

MAMA: Papa yupo. Au yule kijana mwingine.

MUUGUZI MKIMBIZI: Kwa hiyo siri yako imeshapita kwa mtu wa mtaa wako. Tena Papa ni muungwana, lakini yule kijana hakuapa mahali popote. Akienda kuisema kisimani, utamshitaki wapi? Mimi nikiisema, Baraza linaniita Lusaka, linanifuta katika daftari, na miaka mitatu yangu ya shule imekwenda na maji. Mimi nina cha kupoteza. Halafu nikiajiriwa mimi, sista wa Mansa haondoki. Tutakuwa wawili kwenye zamu, na wewe utachagua mlango.

MAMA: Nikichagua yeye hutanuna?

MUUGUZI MKIMBIZI: Nitanuna siku moja, Mama. Kesho yake nitakusalimia.

Mama hakushawishika kikamilifu, na sitamlazimisha. Nachukua kwake sharti moja: popote atakapoajiriwa muuguzi mkimbizi, mgonjwa awe na haki ya kuomba mwingine bila kueleza sababu. Si jambo geni, hospitali nyingi humruhusu mwanamke kuomba akaguliwe na mwanamke.

MUUGUZI MWENYEJI: Basi mimi niseme hofu yangu halisi, maana ile ya foleni nimeona inajibika. Ninachoogopa ni bei. Wakimruhusu mkimbizi afanye kazi ya uuguzi, watamlipa posho. Wataita motisha, wataita kujitolea, wataita mafunzo kazini. Na hazina ikishaona kuna mtu mwenye leseni anayekubali robo ya mshahara, itakuwa na sababu gani tena ya kunifungulia mimi nafasi? Dada yangu huyu atakuwa fimbo ya kunipigia.

Asione haya kusema hivyo. Limeshatokea, tena mbali na hapa, kwa watu wasio wakimbizi. Ufilipino ndiyo nchi inayotajwa duniani kote kwa kulisha hospitali za wengine wauguzi, kuanzia Ghuba mpaka Uingereza na Marekani. Lakini muuguzi wao kijana, akishafaulu mtihani wa leseni, alikuta hospitali za kwao zimejaa. Waajiri wa ng'ambo walidai uzoefu wa wodini kwanza. Hospitali zikagundua kwamba uzoefu unauzika. Vijana wenye leseni wakafanya zamu nzima bila mshahara, wengine wakiilipa hospitali wao wenyewe ili wapate barua ya kuthibitisha miezi yao. Serikali ilipokuja na mpango wa RN HEALS mwaka 2011, wa kuwapeleka wauguzi 10,000 vijijini, iliwapa posho na mkataba mfupi badala ya ajira. Kazi ya wodini ikishazoea kufanywa bure, kuirudisha kwenye mshahara ni vita.

Kwa hiyo hapa nasimama na Muuguzi Mwenyeji, neno kwa neno, na ndipo ninapodai mshahara sawa. Wanaodhani kumlipa mkimbizi kidogo ni njia ya kumlinda mwenyeji wamekosea kabisa. Kinachomlinda binti wa Kashikishi ni binti wa Pweto kulipwa ngwee kwa ngwee kama yeye, kwa ngazi ya mshahara ya wizara. Hapo hakuna wa kumtumia mmoja kumshusha mwingine, na wote wawili watakuwa chama kimoja siku ya kudai nyumba za wauguzi.

Mshahara huo usitoke kwa wafadhili pia. Najua watakaosema UNHCR au mashirika walipe, kwa kuwa wakimbizi ni wao. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, mashirika ya wakimbizi kote Afrika Mashariki na Kusini yalipunguza wafanyakazi ndani ya wiki chache. Wagonjwa hawakupungua. Nchelenge ni kati ya wilaya za Zambia zinazoumizwa zaidi na malaria, na mbu wa pale hawana likizo mwaka mzima.

MUUGUZI MWENYEJI: Sawa. Mshahara sawa, nafasi ziwe za nyongeza, zisikatwe katika mgao wetu. Na wao wabaki Mantapala. Wasije kuomba mjini Ndola.

MUUGUZI MKIMBIZI: Hapo hapana. Leseni yangu haikuandikwa Mantapala. Nikifungiwa pale, nimepewa kambi yenye mshahara. Kesho nikitaka kusomea ukunga, au upasuaji, nitasomea wapi? Na mwanangu akizaliwa, naye abaki?

PAPA: Mwanangu, kubali kwanza uingie.

MUUGUZI MKIMBIZI: Papa, wewe ulikubali kwanza. Umeingia lini?

Mabinti wawili hawa hawakukubaliana hapa, na mimi nina rai yangu. Sharti lifungwe kwenye kituo, si kwa mtu. Yeyote atakayechukua nafasi ya Mantapala, awe wa Mansa, Kashikishi au Pweto, atie saini ya miaka ileile, apate posho ileile ya mazingira magumu, na akimaliza aombe uhamisho kwa njia ileile. Wauguzi wa mjini wakipelekwa vijijini mara nyingi huomba kuhama mapema, na siwalaumu. Nyumba hakuna, umeme wa shida, barua ya cheo haifiki. Sharti likiwa la wote, itaonekana nani anataka kukaa. Nina hakika wa Mweru watakaa wengi, wa upande huu na wa ule, maana Wabwile wako Chiengi na wako Pweto, na ukoo haukuanza na mpaka.

Wapo waliotutangulia. Uganda imeshafungua mlango kwa sheria yake ya 2006 inayomruhusu mkimbizi kufanya kazi. Kinachobaki pale ni safari ndefu ya kulinganisha vyeti, na hilo linanirudisha kwa Papa. Binti ana leseni, Papa hana. Vyeti vyake lazima vipitie kwa Mamlaka ya Sifa za Kitaaluma ya Zambia, vikiwa vimetafsiriwa kutoka Kifaransa, kisha Baraza. Ofisi ziko Lusaka, karibu kilomita elfu moja. Chuo alichosoma kiko nchi aliyoikimbia. Mwaka 2020, korona ilipoelemea hospitali, Peru iliruhusu kwa amri ya dharura wataalamu wa afya wageni waingie kazini kabla hati zao hazijakamilika. Kumbe hati zinaweza kusubiri pale mgonjwa asipoweza. Kwa Papa napendekeza jambo dogo zaidi: Baraza lije Mansa mara moja kwa mwaka, limpime kwa mikono, wodini, mbele ya mgonjwa, na limpe daraja analostahili hata likiwa chini ya A1 yake.

PAPA: Hata msaidizi wa muuguzi nitakubali. Lakini jina langu liandikwe.

MUUGUZI MWENYEJI: Ba mwandishi, na mimi niongeze sharti kabla hujafunga. Kwenye usaili wa nafasi za Mantapala, lugha ya mgonjwa ihesabiwe alama. Kibemba na Kiswahili, vyote viwili. Kiswahili changu ni cha soko la samaki, nitakisoma. Huyu dada Kibemba chake nimekisikia, bado anatuchekesha, akisome. Atakayenishinda kwa alama, amenishinda. Nisichotaka ni kushindwa kwa posho.

MUUGUZI MKIMBIZI: Na mimi sitaki kushindwa kwa rangi ya kitambulisho. Tangazo lijalo liseme: leseni hai ya Baraza, na kitambulisho cha taifa au hati ya ukimbizi. Hilo tu likiandikwa, tukutane kwenye usaili.